Kuunganisha Kifaa cha GPS cha Mkononi na Kompyuta kwa Ajili ya Jiokashingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anacho kifaa cha GPS cha mkononi, kiwe kipya kutoka dukani au cha mtumba alicholetewa na ndugu aishiye ng'ambo, na ambaye sasa anataka kuingiza ndani yake orodha ya makasha anayokusudia kuyatafuta katika jiokashingi, yaani mchezo wa kutafuta kwa GPS makasha yaliyofichwa na wachezaji wengine. Mifano mingi ni ya Garmin, kwa kuwa ndivyo vifaa ambavyo wachezaji wengi wanavyo. Pale ambapo Magellan, kampuni nyingine ya vifaa hivi, inakwenda njia yake, nimesema. Msomaji ataona kwamba karibu kila jibu linarudi kwenye jambo moja, nalo ni kutambua kifaa chako ni cha kizazi kipi kabla ya kununua waya wowote au kupakua programu yoyote.

Kwa nini mtafuta makasha ahitaji kompyuta hata kidogo?

Mchezo huu ulianza Mei 2000. Tarehe 2 ya mwezi huo serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS yanayotumiwa na raia, na kosa la mahali ambalo hapo awali liliweza kufika mita 100 likapungua sana kwa usiku mmoja. Siku iliyofuata Dave Ulmer alificha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti, na watu wakaenda kuitafuta. Kanuni haijabadilika tangu wakati huo: mwenye kasha hulificha na kuchapisha namba za mahali lilipo, na anayelipata husaini daftari lililomo ndani.

Namba za ndoo ile zilikuwa N 45° 17.460 W 122° 24.800. Ukizihesabu utapata tarakimu 15, na kwenye kifaa kisicho na kibodi kila tarakimu huchaguliwa kwa kusogeza kijiti kidogo kwa kidole gumba. Ukikosea tarakimu ya mwisho unapotea kwa mita zisizofika 2, jambo lisilodhuru. Ukikosea tarakimu ya dakika nzima unapotea kwa karibu kilomita 2, na utachimbua majani ya watu bure. Kwa kasha moja au mawili, kuandika kwa mkono kunavumilika. Kwa makasha 50 ya safari ya wiki moja, mwenye akili timamu hutumia kompyuta.

Nitajuaje kifaa changu ni cha kizazi gani?

Tazama tundu la waya, kisha tazama kinachotokea unapokichomeka. Kuna vizazi vitatu vikubwa, na cha tatu kina matawi mawili.

Kizazi cha kwanza ni cha waya wa serial. Mfano wake maarufu ni eTrex ya manjano iliyotoka mwaka 2000, yenye viguso vinne vya chuma vilivyofunikwa kwa mpira upande wa nyuma; waya wake huishia kwenye plagi ya pini tisa ambayo kompyuta nyingi za leo hazina mahali pa kuipokea. Kifaa cha namna hii hakina mafaili kwa maana tunayoijua. Kinapokea nukta (yaani mahali palipohifadhiwa kwa jina na namba zake) moja baada ya nyingine kwa itifaki ya Garmin, yaani lugha ya mawasiliano ya kampuni hiyo, kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde, na kinahifadhi nukta 500 tu, kila moja ikiwa na jina lisilozidi herufi sita.

Kizazi cha pili kina tundu dogo la mini-USB, lakini ndani yake bado kinazungumza itifaki ileile ya Garmin. GPSMAP 60CSx ni mfano mzuri. Hiki ndicho kinachowachanganya watu zaidi, kwa sababu mtu akiona USB hutarajia kifaa kifunguke kama flashi, na hakifunguki. Windows inataka draiva ya Garmin, yaani programu ndogo ya kuiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa, isakinishwe kwanza, na hata baada ya hapo hutaona diski yoyote mpya. Ni programu maalumu tu ndizo zitakazoweza kuzungumza nacho.

Kizazi cha tatu ndicho kinachofunguka kama flashi. Hapo wamo Oregon, Dakota, eTrex 10, 20 na 30, GPSMAP 62 na 64, na wadogo zao. Ukikichomeka, skrini huonyesha picha ya kompyuta, na baada ya muda diski iitwayo GARMIN hujitokeza. Vifaa vya karibuni zaidi, kama GPSMAP 67 yenye tundu la USB-C, hutumia itifaki ya MTP, ileile ambayo simu za Android hutumia zinapounganishwa na kompyuta. Kwa mtumiaji wa Windows tofauti hiyo haionekani sana. Kwa mtumiaji wa Mac ni kubwa, na imeelezwa mbele.

Ninahitaji waya wa aina gani?

Kwa kizazi cha pili na cha tatu, waya wa kawaida wa USB unaoingia kwenye tundu lako unatosha, kwa sharti moja ambalo wauzaji wa barabarani hawalitaji: uwe waya wa kupitisha data. Nyaya nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kwa ajili ya kuchaji tu, na ndani yake mna nyuzi mbili za umeme bila zile mbili za data. Kifaa kitawaka na kuonekana kana kwamba kimeunganishwa, ilhali kompyuta haioni kitu. Njia ya haraka ya kuupima waya ni kuutumia kwenye kifaa kingine chenye tundu la namna ileile, mathalani kamera ya zamani, na kuona kama mafaili yake yanaonekana.

Kwa kizazi cha kwanza utahitaji waya wa serial wa kifaa hicho pamoja na adapta ya kugeuza USB kuwa serial. Hapa usikimbilie bei ndogo. Adapta nyingi za bei ya chini zina chipu ya kuiga Prolific PL2303, na draiva mpya za chipu hiyo kwenye Windows huzikataa chipu za kuiga. Utaona alama ya mshangao ya manjano kwenye orodha ya vifaa na ujumbe wa Code 10. Adapta zenye chipu halisi ya FTDI kwa kawaida hazina usumbufu huo.

Kumbuka pia kwamba waya wa serial haupeleki umeme kwenye kifaa, hivyo weka betri nzuri kabla ya kuanza. Waya wa USB huendesha eTrex 20 au 30 wakati imechomekwa, lakini hauchaji betri za AA zilizomo.

Nimekichomeka, lakini kompyuta haikioni. Nianzie wapi?

Anza na waya, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Kisha hamishia plagi kwenye tundu jingine la kompyuta, bila kupitia kigawanyo cha USB. Kwenye kompyuta za mezani, matundu ya nyuma huwa imara kuliko ya mbele. Kagua pia tundu la kifaa chenyewe. Mpira unaolifunika ukiachwa wazi porini, vumbi na mchanga hujaa ndani, na plagi haiingii hadi mwisho. Kijiti cha meno kikavu kinatosha kulisafisha; usitumie sindano ya chuma.

Kama waya na tundu ni vizima, kipe kifaa muda. Kifaa cha kizazi cha tatu chenye mafaili mengi au kadi kubwa ya ramani kinaweza kuchukua dakika nzima kabla diski haijajitokeza, na watu wengi hukichomoa wakidhani kimekwama.

Kama ni cha kizazi cha kwanza, ingia kwenye menyu ya mipangilio ya kifaa, tafuta sehemu ya Interface, na uhakikishe kwamba imechaguliwa Garmin. Ukikuta NMEA, kifaa kinatangaza tu mahali kilipo kila sekunde na hakiko tayari kupokea nukta. Vifaa vya mtumba vilivyowahi kutumika kwenye mashua au kwenye gari pamoja na kompyuta ya ramani mara nyingi huja vikiwa vimeachwa kwenye NMEA.

Kuna tofauti gani kati ya faili la LOC na la GPX?

Faili la LOC ni la kale na ni jepesi. Lina msimbo wa kasha, jina lake, na latitudo na longitudo, basi. Faili la GPX lilianzishwa mwaka 2002, na toleo la 1.1 linalotumika hadi leo ni la mwaka 2004. Kwenye jiokashingi huongezewa maelezo kamili ya kasha, ukubwa wake, ugumu wa kulitafuta na ugumu wa kulifikia, kidokezo cha mwenye kasha, na kumbukumbu za waliolitafuta hivi karibuni. Ukiwa msituni mahali ambapo mtandao haufiki, hizo kumbukumbu za wengine mara nyingi ndizo zinazokuokoa, kwa mfano pale watatu wa mwisho wote walipoandika kwamba hawakulipata.

Kwenye Geocaching.com, tovuti kuu ya mchezo huu, mwanachama asiyelipa hupewa LOC, na anayelipa ada hupata GPX pamoja na huduma ya Pocket Query, ambayo hukusanya hadi makasha 1000 ya eneo ulilochagua ndani ya faili moja la zip. Tovuti za Opencaching, ambazo huendeshwa na watu wa kujitolea katika nchi kadhaa kama Ujerumani na Poland, hutoa GPX bila malipo, ingawa makasha yao ni machache. Maoni yangu ni kwamba kwa mchezaji wa Nairobi au Dar es Salaam, ambako makasha si mengi kama yalivyo Ulaya, ada hiyo haina haraka. LOC inatosha kuanzia, na ada inaweza kulipwa mwezi ule wa safari ya kwenda kwenye nchi yenye makasha kila kona.

Ninanakilije makasha kwenye kifaa kinachofunguka kama flashi?

Pakua faili lako na, kama ni la zip, lifungue kwanza. Ndani ya Pocket Query utakuta mafaili mawili ya GPX: moja la makasha yenyewe, na jingine ambalo jina lake huishia na -wpts, lenye nukta za ziada kama maegesho na mwanzo wa njia. Chomeka kifaa, fungua diski ya GARMIN, ingia kwenye folda iitwayo Garmin, kisha kwenye folda ya GPX iliyomo ndani yake. Nakili mafaili yote mawili humo. Hakuna la zaidi.

Jambo linalopuuzwa ni namna ya kumaliza. Usichomoe waya kabla ya kuiambia kompyuta iondoe diski kwa usalama, kwa sababu kompyuta huweza kuwa bado inaandika hata baada ya dirisha la kunakili kufungika, na faili lililokatika katikati linaweza kukizuia kifaa kuwaka. Ukisha kuiondoa, chomoa, washa kifaa, na ukiache kisome mafaili mapya.

Ule mtindo wa zamani wa kubofya kitufe kwenye tovuti na kasha likaingia moja kwa moja ulitegemea programu-jalizi ya Garmin Communicator. Chrome iliacha kabisa kukubali programu-jalizi za namna hiyo mwaka 2015, na Firefox mwaka 2017. Maelekezo yoyote yanayokutaka uisakinishe yamepitwa na wakati, na kwa kweli kunakili faili kwa mkono ni njia ya kuaminika zaidi.

Na kama kifaa changu ni cha zamani, kisichokubali mafaili?

Hapo unahitaji programu ya kati, na iliyo bora ni GPSBabel, ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inayo madirisha ya kubofya, lakini kwa amri ya mstari mmoja kazi ni wazi zaidi. Kwa kifaa cha kizazi cha pili chenye USB, andika:

gpsbabel -i gpx -f makasha.gpx -o garmin -F usb:

Sehemu ya kwanza inaitambulisha aina ya faili unaloingiza, ya pili inataja jina la faili, ya tatu inasema lugha ya kifaa, na ya mwisho inasema kifaa kiko wapi. Nukta mbili baada ya usb si kosa la uchapaji. Bila hizo amri haifanyi kazi. Kama faili lako ni la LOC, badala ya gpx andika geo. Kama unatumia adapta ya serial kwenye Windows, badala ya usb: andika namba ya tundu, mfano com3, ambayo utaiona kwenye orodha ya vifaa, kwenye Linux huwa /dev/ttyUSB0.

Tatizo la majina linahitaji uangalifu. Misimbo ya makasha ya Geocaching.com huanza na GC, na mingi sasa ina herufi saba, ilhali eTrex ya manjano inapokea sita. Programu ikikata herufi ya mwisho, makasha mawili yaliyosajiliwa kwa kufuatana hubaki na jina moja, na ni rahisi moja lifunike jingine. Dawa ya miaka yote ni kuondoa GC mwanzoni, kwa kuwa kila kasha la tovuti hiyo linayo na haikuambii kitu.

EasyGPS ya TopoGrafix, kampuni ileile iliyoanzisha umbo la GPX, hufanya kazi hiyo kwa Windows bila kuandika amri. GSAK ni nzito zaidi na inawafaa wenye maelfu ya makasha na hamu ya kuyachambua. Kwa vifaa vya Magellan eXplorist vya mwanzo vinavyosoma mafaili ya .gs, GPSBabel inaweza kuyaandika kwa umbo liitwalo maggeo.

Makasha yameingia, lakini hayaonekani kwenye orodha ya jiokashingi. Yamekwenda wapi?

Yamkini yako kwenye orodha ya nukta za kawaida. Vifaa vya kizazi cha tatu vinaitenga orodha ya makasha na orodha ya nukta, na vinaamua kwa kutazama maelezo ya ziada yaliyomo ndani ya GPX. Faili lililogeuzwa kutoka LOC, au lililopitishwa kwenye programu inayoyaondoa maelezo hayo, huhesabiwa kuwa nukta tupu. Bado unaweza kuzifuata hadi kwenye kasha. Unachokosa ni maelezo, kidokezo, na kitufe cha kuandika kwamba umelipata.

Kama hayaonekani popote, kagua kama mafaili yako ndani ya folda ya GPX na si nje yake, na kama bado yamo ndani ya zip. Kifaa hakifungui zip.

Makasha yameangukia mahali pasipo. Kosa liko wapi?

Ukubwa wa kosa wenyewe utakuambia.

Kama kasha la Nairobi linaonekana mamia ya kilomita kaskazini, alama ya kutoa imepotea. Ndani ya GPX kusini mwa ikweta huandikwa kwa alama hiyo, kwa mfano lat="-1.283333" lon="36.816667". Ondoa ile alama, na nukta ya katikati ya jiji inaruka takriban kilomita 280 hadi upande wa Maralal, Samburu. Wenzetu wa Ulaya na Amerika Kaskazini hawakutani na kosa hili, kwa kuwa wote wako kaskazini mwa ikweta, na programu ndogondogo walizoziandika wao wakati mwingine hazikujaribiwa kusini. Anayeandika mwenyewe faili lake au anayelitoa kwenye jedwali la hesabu aikague alama hiyo kwanza.

Kama kosa ni la kilomita 10 hadi 40, yamkini umechanganya digrii za desimali na dakika za desimali. S 01° 17.000 si -1.17; ni -1.28333, kwa sababu dakika 17 ni sehemu 17 za 60. Tofauti ya hizo mbili ni zaidi ya kilomita 12. Kwenye mipangilio ya kifaa, umbo linalolingana na tovuti za jiokashingi ni lile la hddd° mm.mmm.

Kama kosa ni la mita 300 hivi, tazama datumu, yaani mfumo wa msingi ambao namba za latitudo na longitudo hupimwa kwao. Tovuti zote za jiokashingi hutumia WGS 84, lakini ramani za zamani za Kenya, Tanzania na Uganda za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa Arc 1960, na mtu aliyekitumia kifaa pamoja na ramani hizo, awe mpima ardhi au mwongoza watalii, huenda alikiacha kwenye datumu hiyo. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mafaili ya GPX hayaathiriki, kwa kuwa daima husomwa kwa WGS 84. Zinazoathirika ni namba unazoandika kwa mkono na namba unazozisoma kwenye skrini. Kwa hiyo ukiona makasha yaliyotoka kwenye kompyuta yapo mahali sahihi, ilhali yale uliyoyaandika mwenyewe yamehama yote kwa umbali uleule na kwa upande uleule, huna haja ya kutafuta zaidi.

Kosa la mita 5 au 10 chini ya miti mikubwa ni la kawaida, na hakuna waya wala programu itakayoliondoa.

Ninatumia Mac au Linux. Kuna jambo la pekee?

Kwenye Mac, kifaa kinachofunguka kama flashi hufanya kazi, lakini mfumo huacha mafaili yaliyofichwa yenye majina yanayoanza na nukta na mstari wa chini, na kifaa kinaweza kujaribu kuyasoma kama GPX na kulalamika. Pia, faili ulilolifuta halitoki hadi umwage kapu la taka kifaa kikiwa bado kimechomekwa. Ndiyo maana memori hujaa ilhali folda zinaonekana tupu. Vifaa vya MTP havionekani kabisa kwenye Mac bila programu ya ziada, ama Garmin Express ama OpenMTP, ambayo ni ya bure.

Kwenye Linux kizazi cha tatu hakina shida. Kwa kizazi cha pili, moduli ya kernel (kipande cha kiini cha mfumo) iitwayo garmin_gps hukishika kifaa kabla ya GPSBabel, na inabidi uizuie isipakiwe.

Sina kompyuta, nina simu tu. Inawezekana?

Kwa kizazi cha tatu cha namna ya flashi, ndiyo, na kwa wengi wetu hii ndiyo njia nyepesi. Unahitaji simu ya Android inayokubali OTG, yaani inayoweza kusoma vifaa vya USB vinavyochomekwa kwake, na adapta yake, ambayo huuzwa maduka ya simu. Pakua GPX kwenye simu, chomeka kifaa kupitia adapta, fungua programu ya mafaili, kisha nakili faili kwenye Garmin, halafu GPX, kama ambavyo ungefanya kwenye kompyuta. Faili la zip lifungue kwenye simu kwanza. Kifaa kitavuta umeme kutoka kwenye simu, kwa hiyo usianze ukiwa na asilimia 5 za chaji. Vifaa vya serial na vile vya itifaki ya Garmin havifai kwa njia hii.

Je, kifaa changu kinaweza kupata virusi kwenye cyber?

Kifaa chenyewe hakiambukizwi virusi vya Windows, lakini diski yake inaweza kuvibeba kama flashi yoyote. Virusi vinavyosumbua sana kwenye kompyuta za kuchangia ni vile vinavyoficha folda zote na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukirudi nyumbani unakuta folda ya Garmin imegeuka njia ya mkato ya kilobaiti chache, na unadhani kila kitu kimefutwa.

Usiibofye. Mafaili bado yapo. Kwenye kompyuta safi yenye programu ya kuua virusi iliyosasishwa, fungua dirisha la amri na, kama diski ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitajitokeza tena, na baada ya hapo futa zile njia za mkato pamoja na faili lolote la autorun.inf. Kwa anayelazimika kutumia cyber mara kwa mara, heri apakue GPX kwenye flashi ya kawaida au kwenye simu kuliko kuchomeka kifaa chenyewe.

Baada ya kunakili, kifaa kinaganda kila ninapokiwasha. Kimekufa?

Mara nyingi hapana. Kimekutana na faili bovu na kinakwama kila kinapojaribu kulisoma. Lazima uingie kwenye diski yake kabla hakijafika kwenye faili hilo. Kwenye eTrex 20 na 30, zima kifaa, kisukume kijiti kuelekea juu na ukishikilie, kisha chomeka waya kwenye kompyuta huku ukiendelea kukishikilia hadi diski ijitokeze. Huenda ikachukua nusu dakika au zaidi. Kwenye GPSMAP 62 na 64 ni kitufe cha juu cha gurudumu la vishale. Ukishaingia, hamishia kwenye kompyuta mafaili ya GPX uliyoyaweka mwisho, ondoa diski kwa usalama, na ukiwashe.

Kifaa kinaonyesha mwaka wa nyuma sana. Je, mahali panaposomwa ni sahihi?

Ni sahihi. Mfumo wa GPS huhesabu majuma kwa namba inayorudi sifuri kila baada ya majuma 1024, na ilirudi sifuri mara ya mwisho tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani visivyosasishwa vinatangaza tarehe iliyopitwa kwa takriban miaka 19 na nusu. Makasha utayapata vilevile. Ni tarehe za nyayo ulizorekodi tu ndizo zitakazokuwa za uongo. Kama modeli yako bado ina masasisho, yatafute kupitia Garmin Express.

Nikishapata makasha, ninarudishaje taarifa kwenye kompyuta?

Kwenye Garmin za kizazi cha tatu, kila unapobonyeza kwamba umelipata au hukulipata kasha, kifaa kinaongeza mstari kwenye faili la geocache_visits.txt lililo ndani ya folda ya Garmin. Mstari huo una msimbo wa kasha, tarehe na saa, matokeo, na maneno yoyote uliyoyaandika. Kwenye Geocaching.com kuna sehemu ya Drafts inayolipokea faili hilo na kukupangia kumbukumbu zako, ili uzikamilishe kwa sentensi za kibinadamu kabla ya kuzichapisha. Tafadhali zikamilishe, mwenye kasha aliyepanda kilima kulificha anastahili zaidi ya neno moja.

Saa zilizomo kwenye faili ni za UTC, yaani saa tatu nyuma ya saa za Afrika Mashariki. Kwetu hilo linaweza kubadilisha tarehe ya kasha lililopatikana kati ya saa sita na saa tisa usiku tu, na anayetafuta makasha saa hizo ana mambo mengine ya kueleza. Kwa aliye California, ambako makasha ya jioni huweza kuandikwa tarehe ya kesho, ni vizuri kuikagua tarehe kabla ya kuchapisha.

Faili hilo halijifuti. Ukishalipakia, linakili kwenye kompyuta kama akiba kisha ulifute kwenye kifaa, la sivyo safari ijayo utaletewa tena makasha ya safari iliyopita, na itakubidi uyachambue moja baada ya jingine.